Nani Aliyefungwa

"Wamefungwa," alisema Elmarie, akaweka sinia la mikate ya makaa mezani bila kumtazama mtu.

Kwenye televisheni vijana wa jezi za buluu walikuwa wamekaa kwenye nyasi kavu za Windhoek, wengine wamejifunika nyuso, huku Wazimbabwe wakirukiana shingoni. Sofia alimtazama mkwewe, akautazama mlango wa nyuma, kisha akamtazama mumewe.

Katika nyumba ya Izak Dentlinger neno hilo lilikuwa na adhabu yake. Aliyesema "wamefungwa", awe mtoto, mgeni au mchungaji wa kanisa, aliinuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama uani kidogo, kisha akarudi ndani na kusema upya: "Tumefungwa." Izak hakupenda watu wanaoshinda na timu na kuiacha ifungwe peke yake. Na kwa kuwa timu yetu ya taifa ya raga imekwenda Kombe la Dunia mara nyingi na haijawahi kushinda huko mechi hata moja, mlango ule ulikuwa umefanya kazi sana. Elmarie mwenyewe, mwaka alioolewa na Ruben, alitolewa mara tatu katika mwezi mmoja, na kila mara alirudi akicheka.

Siku hiyo ya Julai Izak hakumwonyesha mtu mlango. Alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi, macho yake kwa kijana mmoja tu kwenye kioo: mfupi, shingo nene, amepiga magoti pembeni ya uwanja kama mtu aliyedondosha kitu na anakitafuta. Huyo ndiye Ruben, mwanawe.

"Aliurusha kwa nani ule mpira?" Izak aliuliza. "Pale palikuwa na nani?"

"Hapakuwa na mtu, jirani," alijibu Dirk Bock, ambaye hakuwahi kukosa mechi katika sebule ile. "Hiyo ndiyo shida yenyewe. Hapakuwa na mtu."

Zilikuwa zimebaki dakika mbili, na tulikuwa mbele. Mpira ulikuwa wetu, wa kurushwa kutoka pembeni, karibu kabisa na mstari wetu. Safu mbili zilijipanga, nahodha akaita kwa sauti namba ya siri, kijana wetu wa nyuma akainuliwa juu na wenzake, mikono wazi. Ruben akaurusha mbele. Mzimbabwe mmoja aliudaka bila hata kuruka, akaanguka nao ng'ambo ya mstari. Basi. Mwaka mzima wa jasho ulikwisha hivyo, na njia iliyobaki ya kwenda Kombe la Dunia ilikuwa moja tu, mashindano ya mwisho ng'ambo, mwezi wa Novemba.

Dirk alivaa koti lake. Mlangoni aligeuka, akamngoja Izak aseme neno lake, lile alilokuwa akilisema baada ya kila kipigo kwa zaidi ya miaka thelathini. Izak hakulisema. Dirk akaenda zake.

*

Ruben alifika Jumapili jioni. Mama yake alikuwa amempikia supu ya kichwa cha kondoo, akamwekea bakuli, akamwekea kijiko, akakigeuza kijiko kiwe upande wa kulia. Elmarie alikuwa ananyonyesha mtoto kwenye kochi.

Izak alimngoja amalize kunawa.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikosea, Baba."

"Nimeona ulikosea. Nchi nzima imeona. Nimeuliza ulikuwa unafikiria nini. Mwenzako kainuliwa juu kama bendera, wewe unarusha kwingine. Ulikuwa umelala?"

Ruben alimtazama mama yake, mara moja tu, haraka, kisha akarudisha macho kwenye supu. "Sikusikia vizuri."

"Hukusikia!" Izak alicheka kicheko kikavu. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Rehoboth kabla mgongo haujamkataa, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anavyoutazama ukuta uliopinda. "Mimi nimebeba timu hii tangu kabla hujazaliwa. Nimechekwa kazini, nimechekwa kanisani. Siku zote nasema tumefungwa, tumefungwa. Safari hii sisemi. Safari hii umetufungisha wewe."

Mtoto aliacha kunyonya, akageuza kichwa. Ruben aliinuka, akalisogeza bakuli katikati ya meza kwa uangalifu ili lisimwagike, akaenda chumbani.

"Izak," Sofia alisema.

"Usiniambie Izak."

Sofia alibeba supu ile ile akatoka nayo uani, akasimama kwenye baridi karibu na banda la kuku wake. Aliwasemesha kidogo kwa Kinama, lugha ya kwao Hoachanas. Kuku ndio waliobaki wa kusema nao lugha hiyo, na dada yake, kwa simu, akiwa ameufunga mlango. Kwenye kamba ya nguo ilining'inia jezi ya buluu ambayo Izak huitundika kila siku ya mechi, mtaa mzima uione. Hakuna aliyeitoa. Asubuhi jezi ilikuwa imekakamaa kwa umande ulioganda, mikono imenyooka pembeni.

*

Ilikaa pale wiki nyingi.

Dukani Izak alipopanga foleni ya unga, kijana wa nyuma yake alimwambia mwenzake kwa sauti ya kutosha: "Nirushie hiyo sukari. Hapana, bwana, si huko! Unarusha kama Dentlinger!" Watu wakacheka, mwenye duka akajifanya anatafuta chenji. Wiki ya pili yake, "kurusha Kidentlinger" ulikuwa msemo. Mtu akikosea kutupa taka pipani, karusha Kidentlinger. Kanisani mzee mmoja alimwahi Izak mlangoni, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kabisa kwamba familia yote iko katika maombi yao. Izak alisema hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Ruben aliyapata yake gereji, kwa Bwana Kotzé. Huko walimtundikia mpira uliopasuka juu ya sanduku lake la spana. Hakuutoa. Alifanya kazi chini yake.

Nyumbani baba na mwana waliongea kupitia kwa Sofia. "Mwambie mwanao geti halifungi." "Mwambie Baba nitalitazama." Na walikuwa wamekaa meza moja.

"Nimechoka kuwa simu," Sofia alisema siku moja, lakini aliendelea kuwa simu.

*

Nahodha alikuja Oktoba, Jumapili baada ya ibada, kwa pikapu iliyojaa vumbi. Jesaja Isaaks ni mtu mrefu wa kusini, wa Keetmanshoop, mwenye sauti ya kuitia kondoo. Sofia alipofungua mlango, alivua kofia akamwamkia kwa Kinama, kwa heshima zote anazostahili mama.

Sofia alishtuka. Alitazama nyuma yake, sebuleni alikokaa Izak, kisha akajibu kwa sauti ya chini, ulimi ukigonga kinywani, kama lugha hiyo inavyotaka, lakini taratibu kama mtu anayebisha hodi nyumba ya watu waliolala.

Walikaa, kahawa ikaja na maandazi. Jesaja hakuzunguka. Timu ilikuwa inaondoka Novemba. Warushaji walikuwa wawili, mmoja goti limeharibika, na aliyebaki alikuwa Ruben.

"Haendi," alisema Elmarie kutoka kochini. "Samahani, kaka, umetoka mbali, lakini haendi. Bwana Kotzé ameshasema. Ruhusa za raga zimekwisha. Akiondoka tena, asirudi. Na hiyo timu yenu hailipi hata nusu ya anachopata gereji."

"Ni kweli, dada. Mimi mwenyewe nimemwachia mdogo wangu kondoo, sijui nitakuta wangapi."

"Na kwa ajili ya nini? Mkifungwa mnarudi. Mkishinda mnakwenda Kombe la Dunia, mnafungwa huko, mnarudi."

"Tunafungwa," Izak alisahihisha, kwa mazoea. Halafu akajisikia, akakohoa.

Elmarie alimgeukia. "Baba, wewe huna haki ya neno hilo tena."

Hakuna aliyewahi kumwambia Izak hivyo katika nyumba yake. Alinyanyua kikombe, akakirudisha bila kunywa, akamwelekea Jesaja kana kwamba Elmarie hakusema kitu.

"Nahodha, wewe ulikuwa pale. Sema kweli. Huyu alikuwa anafikiria nini siku ile?"

"Baba, tuyaache," Ruben alisema.

Jesaja aliwatazama wote wawili. "Hajawaambia?"

"Kutuambia nini?"

"Jesaja, kunywa kahawa," Ruben alisema. "Inapoa."

Lakini Jesaja alikuwa ameshaanza kutabasamu, kama mtu anayeona njia ya kumsaidia rafiki yake. "Mzee, lile kosa ni langu, si lake. Wale jamaa wengi wamesoma shule za Afrika Kusini. Kila tukiita mpira kwa Kiafrikana wanaelewa, wanaruka kabla yetu. Mapumziko nikawaambia wenzangu, basi, tuhesabu kwa Kinama, tuone nani atatusikia. Na kweli, walipotea! Mipira yote ya kipindi cha pili tulichukua, kwa sababu niliita moja, moja, mbili, nne, namba zisizofanana. Ule wa mwisho nikataka wa nyuma, mtu wa sita. Nikaita *!nani*. Yeye akasikia *!nona*." Aliugonga ulimi wake juu kinywani mara mbili, ili waisikie. "Sita na tatu. Yote yanaanzia pale pale, kwenye kelele za uwanja ni rahisi kuchanganya. Rahisi kwa mgeni, nataka kusema. Mimi sikuuliza. Timu nzima inajua mama yake ni Kooper, Mnama wa Hoachanas." Akamgeukia Sofia akicheka. "Kumbe, Mama, hukumfundisha mwanao kuhesabu?"

Hakuna aliyecheka naye. Sofia aliitazama kahawa yake.

"Sikupata nafasi," alisema.

Izak aliijua siku yenyewe. Ruben alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutamka, amekaa kwenye beseni la maji, na Sofia alikuwa anamhesabia vidole vya miguu. Mama yake Izak alikuwepo, na alikunja uso. Izak akasema, mbele ya mama yake: "Sofia, achana na kugongagonga ulimi. Watoto wangu hawatakuwa wachunga kondoo. Katika nyumba hii ni Kiafrikana tu." Sofia akamaliza kumwosha mtoto kimya kimya.

"Ungemwambia nahodha kwamba hujui," Izak alimwambia Ruben. Sauti yake ilikuwa imepungua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai kumsemesha bila kumpitia Sofia.

"Ningemwambia vipi, Baba? Katikati ya wenzangu kumi na wanne. Kwamba lugha ya mama yangu siijui? Nilikariri palepale, wakati tunakunywa maji. Nilidhani nimeshika."

"Na mimi? Mbona hukuniambia mimi?"

Ruben alinyanyua mabega. "Ningekuambia nini?"

Izak aliushika ukingo wa meza, akainuka kwa shida ya mgongo wake, akaenda mlango wa nyuma. Aliufungua akatoka, akaufunga.

"Mzee ameudhika?" Jesaja aliuliza.

"Subiri," Elmarie alisema. Alikuwa amenyooka kochini, mtoto kifuani.

Kupitia dirisha la jikoni walimwona amesimama uani kati ya kuku, mgongo umewaelekea, kofia mkononi. Alisimama muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutolewa. Kisha akaifuata kamba ya nguo, akatoa vibanio, akaikung'uta vumbi ile jezi iliyopauka kwa jua la miezi yote ile.

Alirudi nayo imelala mkononi kama taulo. Akasimama kizingitini.

"Tulirusha vibaya," Izak alisema.

Jesaja hakuelewa kwa nini Mama Sofia alijifunika uso kwa aproni yake.

*

Bwana Kotzé hakubadili neno, wala si mtu mbaya. Alimpa Ruben mkono, akamwambia ana gereji, hana uwanja, na kijana mwingine angeanza Jumatatu.

"Nenda," Elmarie alimwambia Ruben wakiwa wanakunja nepi. "Najua usipokwenda utakaa ndani ya nyumba hii umekufa. Lakini usiniombe nifurahi. Jezi haitamshibisha mtoto."

"Sikuombi."

"Haya. Shika upande huo, unaukunja vibaya."

Wiki ile ya mwisho, kila alasiri, Izak alipanga matofali saba uani kwa mstari, kila moja mahali pa mchezaji, kwa kamba, kama anayeanza msingi. Sofia alikaa kwenye kiti chake nyuma yao na kuita hesabu, kwa Kinama, kwa sauti, majirani wasikie wasisikie. Mwanzoni sauti ilikwama. Siku ya pili ilifunguka. Ruben alirusha, na Izak, mwenye mgongo wake mbovu, alikimbilia tofali lililoitwa akainua mikono.

"*!Nani!*" Sofia aliita.

Izak alikimbilia la tatu. Mpira ukapita juu, ukatua tofali la sita, ukawatawanya kuku.

"Mzee karusha Kidentlinger!" Dirk alipiga kelele juu ya ukuta.

"Sijarusha, nimesimama Kidentlinger," Izak alijibu, akipumua kwa shida. Alijaribu kulitamka neno lenyewe. Ulimi wake ulitoa sauti kama ya mtu anayenyonya jino. Sofia alicheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye hakuna aliyeweza kusema machozi yale yalikuwa ya nini.

*

Tulifungwa mechi zote ng'ambo. Si kwa bahati mbaya, wala si kwa kosa la mtu. Wenzetu walikuwa wakubwa zaidi, wanalipwa, wanakaa pamoja mwaka mzima. Ruben aliirusha mipira yake yote mahali pake. Katika mechi ya mwisho tulikuwa tumepigwa vibaya mno hata mtangazaji akaanza kuzungumzia hali ya hewa, na bado aliupangusa mpira kwa jezi, akasikiliza, akarusha, ukafika.

"Mwanao safi," Dirk alisema filimbi ilipolia. Alisema kwa wema, akimpa Izak mahali pa kuponea. "Leo hana deni. Hao wengine ndio wame—"

Akanyamaza mwenyewe. Akaitazama sebule ya Izak, akaweka kikombe chini, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuambiwa.

*

Ruben alifika Jumanne mchana. Sofia alisikia kuku wakitawanyika, kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Mwanawe alisimama pale na begi, nembo ya timu ameigeuzia mguuni isionekane. Jicho moja lilikuwa limevimba.

Elmarie alimwendea na mtoto, akaligusa lile jicho kwa kidole. "Mbona umepita nyuma? Mlango wa mbele uko wazi."

"Kwenye gari kutoka Windhoek nilikaa na mama mmoja," Ruben alisema. "Hakunijua. Akaniuliza, vijana wetu vipi kule? Nikamwambia, wamefungwa. Nikanyamaza mpaka hapa. Kama vile sikuwepo."

Jikoni sufuria la ugali lilikuwa linatokota taratibu. Mezani lilikuwa wazi gazeti, ukurasa wa kazi, na hapakuwa na kazi yoyote iliyotiwa alama.

Izak aliinuka, mkono mmoja mgongoni. Akamshika mwanawe kiwiko.

"Twende nje."

"Nimeshapita, Baba."

"Umepita peke yako. Twende."

Walitoka wote wawili. Elmarie alibaki anawatazama, kisha akamhamishia mtoto bega la pili.

"Na mimi nina neno langu la Julai," alisema, akawafuata.

Sofia aliufunga mlango nyuma yao. Alingoja. Kupitia mbao alisikia viatu kwenye changarawe, kuku, na mtoto akilalamikia jua. Kisha wakabisha hodi.

Akaufungua nusu, akasimama katikati.

"Nani kafungwa?" aliuliza.

"Tumefungwa," alisema Izak. "Tumefungwa," alisema Elmarie, chini chini. Ruben alichelewa. Alimtazama mama yake kwa lile jicho zima.

"Tumefungwa, Mama."

Sofia akasogea pembeni.

"Basi ingieni," alisema. "Chakula kipo."